Jarida la halmashauri linalipiwa na ushuru wetu, mbona humo ndani sisi hatumo?

Mgebuka Mkavu (mleta uzi, Kigoma)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atausoma jioni akishatulia.

Kuna jarida la halmashauri moja ya mkoa wetu huu wa Kigoma. Jina naliacha, sina nia ya kumchongea mtu. Karatasi zake zinang'aa, rangi kila ukurasa. Limelipiwa na mapato ya ndani: ushuru wa soko, leseni za biashara, ushuru wa samaki na mawese, vibali vya ujenzi. Yule mama wa Kibirizi anayekatiwa risiti ya POS kabla hajauza hata kisado kimoja cha dagaa, naye kalipia wino ule. Basi tulifungue tuone alichonunua.

Jalada ni Mkuu wa Wilaya. Ukigeuza, salamu za Mkurugenzi, na juu yake picha ya Mkurugenzi akiwa na tabasamu na bendera ya meza. Katikati kuna habari ya zahanati. Picha ni kubwa, na chini yake pameandikwa hivi: Mkuu wa Wilaya (wa tatu kushoto, mwenye kofia) akipokea maelezo ya ujenzi kutoka kwa Mganga Mkuu (wa pili kulia), wengine ni wajumbe wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Maelezo ya picha yamezidi urefu wa habari yenyewe. Habari inasema zahanati "itaondoa adha kwa wananchi". Imekula fedha kiasi gani mpaka sasa, imebaki nini, mhudumu atahamia lini, maji yatatoka wapi, hayo hayakuandikwa. Mwananchi wa kijiji kile kanukuliwa mmoja tu, anaishukuru serikali. Diwani wa kata ile, ambaye ndiye aliyelisimamia jambo hilo kwenye baraza vikao na vikao, hata kwenye kundi la "wengine" hayumo.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae. Ndani ya jarida lile hakuna uongo. Zahanati ipo, nimeiona. Mkuu wa Wilaya alikwenda kweli na kofia alivaa. Ukimwambia mtu kwamba jarida lina upendeleo wa kisiasa atakuuliza nionyeshe sentensi ya uongo, na wewe utakosa. Upendeleo wa chombo kinacholipwa na serikali ukiutafuta kwenye maneno yaliyoandikwa utachoka bure. Utafute kwa nani kapigwa picha, nani kakatwa kwenye picha, na swali lipi halikuulizwa. Diwani wa chama kingine akitoa hoja barazani, jarida huandika kwamba "baraza lilipitisha kwa kauli moja". Kauli moja ya nani?

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko sisi sote humu. Wajerumani walikuwa na Kiongozi pale Tanga kuanzia 1904, likitoka kwenye shule ya serikali. Waingereza wakaleta Mambo Leo mwaka 1923. Mambo Leo lilipendwa, lisemwe kwa haki: lilikuwa na mashairi, barua za wasomaji, mambo ya kilimo na afya. Lakini mwenye gazeti alikuwa serikali, na ubishi wa kudai uhuru ulihitaji karatasi nyingine. Miaka ya 1950 hata serikali za wenyeji zikaingia kwenye kazi hiyo, Baraza la Wachagga kule Moshi lilikuwa na gazeti lake, Komkya. Kwa hiyo gazeti la fedha za halmashauri halikuzaliwa na hawa maafisa habari wetu wa leo.

Upande wa pili wa historia hiyo ni mtamu zaidi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala kwenye kijarida cha Sauti ya TANU. Waliokashifiwa walikuwa nani? Wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka uleule Robert Makange na Kheri Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa makala iliyoitwa ya uchochezi. Yaani nchi hii ilianza kujitafuta kwa watu waliothubutu kuandika lile ambalo karatasi za serikali haziandiki kuhusu mkuu wa wilaya. Leo mkuu wa wilaya ndiye jalada.

Na Mwalimu huyohuyo alipokuwa upande wa mwenye gazeti alionja ugumu wake. Februari 1970 serikali ilipotaifisha The Standard, yeye mwenyewe akawa Mhariri Mkuu na akatoa mwongozo kwamba gazeti liwe la umma na liwe huru kukosoa. Akaletwa Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini, aliendeshe. Mwaka uliofuata gazeti likamshambulia Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akaondolewa. Mwongozo ulikuwa mzuri tu, ila aliyeuandika ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa mhariri. Mtu akiniambia "tuwape maafisa habari miongozo mizuri", namkumbuka mama yule.

Sasa turudi Kigoma. Jarida si tatizo kubwa kuliko yote. Linachapwa mara chache na nakala ni za kuhesabu. Kubwa zaidi ni pochi. Magazeti tunayosoma huku yanachapwa mbali, yanatuachia waandishi wa mkoani wanaolipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yenyewe hayafiki nauli ya Kakonko kwenda na kurudi. Mwandishi huyo anafikaje kwenye mradi? Anapanda gari la msafara. Anakula wapi? Anapokula msafara. Jioni anapewa bahasha ya "nauli" wakati gari amepanda la serikali. Hapo hukumtisha na hukumfungia gazeti. Kesho yake habari ya zahanati inatoka kwenye gazeti binafsi, maneno ni yaleyale ya jarida la halmashauri, hadi "itaondoa adha". Wewe msomaji unadhani umesoma vyombo viwili.

Ongeza matangazo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari mamlaka ya kuratibu matangazo ya serikali, mpaka marekebisho ya 2023 yalipoliondoa hilo. Nafuu ipo, lakini afisa wa halmashauri bado anajua gazeti lipi lilimuudhi mwezi uliopita. Na zabuni, zilizokuwa zikijaza kurasa za magazeti, zimehamia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Mfumo ni mzuri, umepunguza ujanja mwingi. Ila kwa gazeti dogo maana yake tangazo la serikali lililobaki limekuwa adimu, na kitu adimu hunyenyekewa.

Msimamo wangu: sitaki jarida lifungwe. Nataka litoe yale ambayo sheria inataka yatolewe na ambayo hayatoki. Nitarudi na vifungu. Karibuni.

---

Bangwe Kwetu

Mkuu, jarida gani hilo? Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, nalipa leseni ya duka kila mwaka, sijawahi kulishika. Nimeliona siku moja tu kwenye meza ya mapokezi, limewekewa kikombe cha chai juu. Watu wako WhatsApp.

---

Mgebuka Mkavu

Bangwe, umeongeza hoja bila kujua. Kitu kinalipiwa na wote halafu kinagawiwa maofisini kwa walewale waliomo kwenye picha. Msomaji wake wa kwanza na wa mwisho ni bosi. Ndiyo maana linaandikwa vile.

Na hiyo WhatsApp, angalia kwenye kundi la kata yako ni nani anarusha picha za ziara. Ni afisa yuleyule, simu ya ofisi na bando la ofisi. Karatasi imebadilika, mwenye nyumba ni mmoja.

---

Kalamu ya Mshahara

Nimefanya kazi hiyo. Nilikuwa afisa habari wa halmashauri, mkoa nauacha, sasa niko sekta nyingine. Naomba nieleze jikoni kulivyo, maana mleta uzi kaelezea mezani.

Kitengo chetu cha mawasiliano mara nyingi ni mtu mmoja, kamera moja na kompyuta aliyorithi. Wewe ndiye mpiga picha, mwandishi, msimamizi wa tovuti, mshereheshaji wa sherehe, na mbio za Mwenge zikija usiku hulali. Gari huna. Unatoka ofisini pale tu kiongozi anapotoka, kwa hiyo habari zako zote ni za viongozi wanaotoka. Upendeleo unaanzia kwenye mafuta ya gari kabla hata siasa haijaingia.

Pili, ukishaandika, karatasi inapanda kwa Mkurugenzi. Wakati mwingine inapita pia ofisi ya wilaya "kuhakikiwa". Niliwahi kuandika habari ya kikao cha baraza ambapo diwani aliuliza kwa nini fedha za mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hazirejeshwi na vikundi kadhaa. Swali halali kabisa, lilijibiwa na mkuu wa idara, nami nikaandika swali na jibu. Ikarudi. Aya yote ya swali imepigwa mstari mwekundu, jibu limebaki peke yake linaelea, na pembeni pameandikwa neno moja: boresha. Hakuna aliyeniambia nisiandike. Niliambiwa niboreshe. Nikaboresha.

Ukishaboreshewa habari kadhaa unajifunza, unaanza kuboresha mwenyewe kabla haijapanda. Wakati huo mtu akikuuliza kama unaingiliwa kazini utamjibu hapana, na utakuwa mkweli.

Kwa hiyo msituite chawa wote. Wapo, nawajua, wengine ni marafiki zangu. Lakini wengine tuna watoto shuleni.

---

Mha Asiye na Makuu

Duh. "Jibu limebaki peke yake linaelea." Hii imenikaa.

---

Mzalendo Halisi 255

Nyie watu mna shida gani? Serikali ikijenga zahanati isitangaze? Isipotangaza mnasema haijafanya kitu, ikitangaza mnasema propaganda. Halmashauri ni ya serikali, serikali ni ya chama kilichoshinda, chama kilichoshinda kina ilani, jarida linaeleza utekelezaji wa ilani. Nongwa iko wapi? Mnataka jarida la halmashauri liandike habari za wapinzani wanaopinga kila kitu? Waanzishe la kwao.

---

Mgebuka Mkavu

Mzalendo, karibu, na nashukuru umeliweka wazi bila kuzunguka.

Itangaze, tena ipaze sauti. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tulihitaji sana habari za halmashauri: nani anaruhusiwa nini, nyavu zinawekwa wapi, vijana watakula nini miezi mitatu. Chanjo, mipaka ya viwanja, kipindupindu kikiingia, hayo yote nayataka yatoke hukohuko kwa sababu wao ndio wenye taarifa. Sijasema neno kupinga hilo.

Tatizo ni mnyororo wako. Halmashauri ni ya serikali, serikali ya chama, basi halmashauri ya chama. Ushuru je? Mama wa dagaa anapokatiwa risiti huulizwa kadi ya chama? Anayelipa ni mkazi. Diwani wa upinzani aliyechaguliwa na kata yake ni mjumbe halali wa baraza, amekaa kwenye kiti kilekile, na waliomchagua wamelipa ushuru uleule. Akianzisha "la kwake" atalipia mfukoni, wakati la wenzake linalipiwa na watu wake yeye.

---

Mkongwe wa Ujiji

Vijana mnasahau haraka, ngoja niwakumbushe ya hapahapa. Mwaka 2015 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichukuliwa na chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, Meya akawa wao. Mwaka 2016 manispaa yetu ikaingia kwenye kundi la serikali za chini 15 za mwanzo duniani kwenye ule Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi. Kigoma-Ujiji, jamani, orodha moja na miji ya Ulaya na Amerika! Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa kwenye mpango, na manispaa haikuweza kubaki peke yake.

Sasa nataka kumjibu Mzalendo kwa njia ya pembeni. Anasema jarida ni la chama kilichoshinda. Katika miaka ile aliyeshinda hapa alikuwa ACT. Lakini Mkurugenzi wa Manispaa hachaguliwi na baraza wala na wananchi, anateuliwa na Rais. Afisa habari yuko chini ya Mkurugenzi. Malipo yanasainiwa na Mkurugenzi. Jiulizeni wenyewe, kwa mpangilio huo Meya wa chama kingine angetaka safu yake kwenye chapisho la manispaa angemwomba nani?

Kwa hiyo hoja ya "kashinda, aandikwe" inafanya kazi pale tu anayeshinda akiwa wa upande mmoja. Kura ya Ujiji haifiki kwenye chumba cha uhariri.

---

Mgebuka Mkavu

Mzee, hiyo ndiyo nyama ya uzi wote. Mimi nilikuwa nazunguka kwenye picha na maelezo ya picha, wewe umegusa saini ya malipo.

---

Mtoto wa Kipalapala (Tabora)

Wakigoma, tupeni nafasi Wanyamwezi. Sisi Tabora tulikuwa na mtambo wa kuchapa magazeti kabla miji mingi haijajua. Kiongozi, lile gazeti la Kanisa Katoliki (siyo lile la Wajerumani wa Tanga), lilianzia kwetu mwaka 1950, likichapwa na mtambo wa wamisionari pale Kipalapala. Mkoa wa ndani kabisa, treni na vumbi, na bado gazeti lilitoka hapa likasomwa nchi nzima. Lilikuwa na upendeleo wake, tena wa wazi: lilikuwa la Kanisa. Msomaji alijua toka jalada anamsikiliza nani. Mimi sioni ubaya kwenye gazeti lenye upande likijitaja upande wake. Jarida la halmashauri linasema "sauti ya wananchi" juu, ndani ni sauti ya ofisi.

Halafu nitoe mfano wa swali lisiloulizwa, maana huku tunao mkubwa. Halmashauri za tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, zinategemea sana ushuru wa mazao. Mwaka 2017 serikali kuu ilishusha ushuru huo kwa mazao ya biashara toka asilimia 5 hadi 3. Kwa mkulima ni nafuu, nami mzee wangu ni mkulima, alifurahi. Kwa halmashauri ni pengo, yaani katika kila shilingi tano ilizokuwa ikipata imekosa mbili. Sasa wewe mhariri wa jarida la halmashauri, hiyo si ndiyo habari ya kwanza? Kwamba bajeti yetu imepungua, madarasa haya yatasubiri, barabara ile haitachongwa, sababu ni hii? Toleo la jarida nililoliona wakati ule, sitataja la wapi, lilikuwa na vichwa vya habari vya mafanikio mtindo mmoja. Kusema pengo lipo kungeonekana ni kuilaumu serikali kuu. Wananchi wakabaki wanawalaumu madiwani wao kuwa wamekula hela.

Ukimya huo uliwaumiza mpaka madiwani wa chama tawala. Mzalendo alitafakari hilo.

---

Kalamu ya Mshahara

Hapo kwenye tumbaku umeshika penyewe. Habari ya upungufu ni ngumu kuandika kuliko habari ya mpinzani. Mpinzani unaweza kumtaja kwa jina tu ukapita.

---

Msafiri wa Mto Thames

Salaam kutoka mbali, mimi ni mtoto wa Mwandiga niko London kwa riziki. Nimesoma uzi nikacheka kwa sababu ugomvi huu Waingereza wameupigana hadharani, na ulivyoisha una funzo la kutia shaka pande zote.

Hapa halmashauri kadhaa zilikuwa na magazeti kamili, siyo vijarida. Tower Hamlets, mashariki ya London, walikuwa na East End Life, linatoka kila wiki, linaletwa mlangoni bure. Greenwich walikuwa na Greenwich Time. Ndani kuna ratiba za televisheni, michezo, matangazo ya nyumba, na katikati habari za halmashauri zilizopikwa vizuri. Magazeti binafsi ya mtaani yakalia kwamba yanapokonywa matangazo na mshindani anayelipwa na kodi.

Sheria yao ya Serikali za Mitaa ya 1986 ilikuwa tayari inakataza halmashauri kuchapisha kitu cha kukipigia debe chama. Mwaka 2011 waziri, Eric Pickles wa chama cha Conservative, akaongeza kanuni: chapisho la halmashauri lisizidi mara nne kwa mwaka, liwe na mizani, lisiige gazeti la biashara, na wakati wa uchaguzi uangalifu uongezwe. Baadhi ya halmashauri zikapuuza. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kumpa waziri meno ya kuzilazimisha. East End Life na Greenwich Time ya kila wiki zikaisha mwaka 2016.

Sasa utamu. Pickles aliyafananisha magazeti hayo na Pravda, lile la Wasovieti. Lakini Greenwich ilikuwa ya chama pinzani cha Labour, na Tower Hamlets chini ya meya wa kujitegemea aliyetokea Labour. Kwa hiyo mwanasiasa wa chama kimoja alikuwa anapiga vita upendeleo wa kisiasa kwenye halmashauri za wasio wa chama chake. Je, alikosea? Kwa kanuni zenyewe nadhani hakukosea. Ila mjue kwamba hata anayekemea upendeleo huwa ana jimbo lake. Na magazeti binafsi yaliyodai yanauawa na halmashauri yameendelea kufa hata baada ya mshindani kuondolewa, kwa sababu aliyekuwa anayaua zaidi ni intaneti.

---

Mgebuka Mkavu

Msafiri, asante sana. Ndiyo maana nilisema mapema sitaki lifungwe. Huku kwetu ukilifunga jarida hutapata gazeti binafsi lililokuwa linasubiri nafasi. Utapata kimya na kundi la WhatsApp.

Basi niingie kwenye vifungu nilivyoahidi.

Katiba, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii. Sawa, hiyo ni ya juu, wengi wataipiga chenga.

Ya uchaguzi ni kali zaidi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1985, ile tuliyoitumia mpaka ikaja mpya ya 2024, kifungu cha 53, ilisema chombo chochote cha habari cha serikali, cha karatasi au cha umeme, kinachotoa habari za uchaguzi kisielemee upande wowote wala kumbagua mgombea, hata kwa ukubwa wa nafasi anayopewa. Nafasi! Maana yake waliotunga walijua kwamba upendeleo hupimwa kwa rula. Sasa mtu aniambie, kama mizani hiyo ilionekana inafaa kwa wiki chache za kampeni, kwa nini isifae kwa miaka minne na miezi mingine yote?

Lakini kifungu ninachokipenda kuliko vyote hakina harufu ya siasa kabisa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inaitaka halmashauri izitangaze kwa wananchi hesabu zake zilizokaguliwa pamoja na taarifa ya mkaguzi. Kwa hiyo ukurasa wa hati ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, tusiuombe kama fadhila, ni wajibu wao. Jarida lina kurasa za rangi. Jalada libaki la Mkuu wa Wilaya, na kofia yake, mimi sina ugomvi. Ukurasa mmoja tu wa ndani uwe na jedwali: tulipanga kukusanya kiasi gani, tumekusanya kiasi gani, mkaguzi kasema nini, hoja ngapi zimefungwa, ngapi bado. Na ukurasa wa pili maswali ya madiwani barazani pamoja na majibu, kama yalivyo kwenye muhtasari, bila kuboreshwa. Mpige picha mnayemtaka, jedwali halina kushoto wala kulia.

---

Mzalendo Halisi 255

Hilo la jedwali sina neno. Ila mtalielewa?

---

Bangwe Kwetu

Mzalendo, mimi nina duka. Hesabu za kuingia na kutoka ndiyo maisha yangu. Nyie lileteni.

---

Mjukuu wa Heru Juu (Buhigwe)

Wakuu mnaongea vizuri lakini mko mjini. Huku kijijini ukienda ofisini kuuliza jarida linagharimu kiasi gani, kabla hujamaliza sentensi umeulizwa umetumwa na nani. Ukisema umejituma mwenyewe unaandikwa mpinzani. Mtendaji wa kijiji atakuja kumuuliza baba kama kijana wake yuko sawa. Sheria mnazijua nyie, sisi tunaishi na mtendaji.

---

Kalamu ya Mshahara

Mjukuu, hilo ni kweli na sitakudanganya kwamba ni jepesi. Ila nikupe siri ya ofisini. Swali la mdomo linaogopwa na mwenye kuuliza. Swali la barua linaogopwa na mwenye kujibu, kwa sababu barua ikishaingia kwenye rejista ya masjala ina namba, na namba ina mtu anayepaswa kuieleza mkaguzi au mkubwa akija. Sisi tulikuwa tunazipuuza simu na kuzikimbia barua.

Na usiende peke yako. Barua ya kikundi, hata cha kuweka na kukopa, ina uzito mwingine.

---

Mkongwe wa Ujiji

Pia mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa mujibu wa sheria, mnaweza kwenda kukaa nyuma mkasikiliza. Wakati wa bajeti ndiyo muda wenyewe. Fungu la uchapishaji na matangazo lipo mle ndani, diwani yeyote anaweza kulisimamia, awe wa chama chochote. Nimeshaona wa chama tawala wakiuliza makali kuliko wapinzani, ila hayatoki kwenye jarida. Vikao vikigeuka kamati mtaombwa mtoke, tokeni kwa amani.

---

Mjukuu wa Heru Juu

Sawa wazee. Tuna kikundi cha wakulima wa kahawa, watu wanaelewana. Barua tunamwandikia nani na tuseme nini? Nipeni kwa ufupi, nitaiandika mwenyewe.

---

Mgebuka Mkavu

Andikeni kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yenu, kichwa kiwe ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016. Sheria hiyo ni ya raia, kwa hiyo semeni mwanzoni kuwa ninyi ni raia na ni wakazi wa wapi. Sababu ya kutaka taarifa msiizungushe, andikeni kwamba ni walipa ushuru. Ombeni vitu vitatu tu, visizidi: jarida limetengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha, zinachapwa nakala ngapi na zinagawiwa wapi, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita zimetangazwa wapi ili nanyi mkazisome. Msilaumu, msitaje jina la kiongozi wala chama, msiweke neno "ufisadi". Lugha iwe ya baridi kabisa.

Tokeni na nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe mkiwa hapohapo dirishani, msikubali kuambiwa mrudi kesho kuufuata. Sheria inawapa siku 30 za kujibu, na zinahesabiwa toka siku ya mhuri huo. Wakijibu, leta jibu humu tulisome pamoja. Wasipojibu, leta picha ya mhuri.